Mvua Haba au Vua Hapa: Maktaba, Makumbusho na Nakala Zetu Mtandaoni



Naanza na karatasi moja. Ni barua ya karne ya kumi na tisa, iliyoandikwa pwani hii kwa Kiswahili na kwa khati za Kiarabu. Leo imo katika maktaba moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Maktaba hiyo imeipiga picha nzuri na kuiweka mtandaoni bila malipo, nami niliikuta usiku mmoja nikiwa nimejilaza na simu mkononi. Maelezo ya katalogi yalisema kwamba barua inazungumzia uvuvi, kwa sababu aliyeisoma alikutana na maneno mawili akayatamka "vua hapa".

Kesho yake nilikwenda kwa mama yangu mkubwa. Hakuingia shule ya serikali hata siku moja, lakini alisoma chuo cha Kurani, na kwa khati hizo ameandikiana barua na dada zake maisha yake yote. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akaniambia: "Mwanangu, huyu hasemi samaki. Huyu alia na ndaa. Hapa ni 'mvua haba'."

Wanafunzi wasiojua khati hizi wataniuliza imewezekanaje. Kiarabu hakina herufi ya p wala ya v. Waandishi wetu wa zamani walitumia be kwa b na kwa p, na mara nyingi kwa mb pia. Herufi fe ilibeba f, v na mv. Irabu ya chini ilisomwa i au e, na ya juu u au o. Kwa hiyo herufi zilezile zingeweza kuwa "fua hapa", "vua hapa" au "mvua haba". Msomi wa Kiarabu atasema kwamba haba ilipaswa kuandikwa kwa ile ha ya kooni, na ana haki yake, lakini waandishi wa barua za nyumbani hawakujifunga na jambo hilo. Aliyeandika alijua kwamba atakayesoma ni mtu wake, anayejua mwaka ule mashamba yalikuwaje.

Mama mkubwa alisoma mistari yote, si maneno mawili tu. Aliona mtama unatajwa, aliona salamu fupi kuliko desturi, akajua kwamba mwandishi ana haraka na ana shida. Maarifa hayo hayakuwemo katika picha. Wala hayakuwemo katika katalogi ya maktaba ile, ndipo nikaiandikia. Niliandika mara mbili. Maelezo bado ni ya uvuvi.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Tunaambiwa kila mahali kwamba huduma za kidijitali zimefungua maktaba na makumbusho ya dunia, kwamba tamaduni sasa zinabadilishana bila mipaka. Picha kweli inavuka bahari kwa sekunde moja. Lakini mabadilishano ni kwenda na kurudi. Iwapo picha inakuja kwetu na usomaji wetu haurudi kule kuandikwa mahali ambapo dunia itauona, basi sisi tumegeuzwa watazamaji wa mali yetu wenyewe.

Tuangalie karatasi zetu ziko wapi. Barua za Kiswahili kongwe kuliko zote tunazozijua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa sababu zilikuwa barua za shughuli na Wareno. Muswada wa zamani wa Utendi wa Tambuka, kazi ya Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, una tarehe ya mwaka 1728 na uliishia Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya hapa mjini, na mmisionari William Taylor akayachukua. Yalichapishwa kama diwani mwaka 1940, na aliyeyahariri ni William Hichens, na mji yalipochapwa ni Johannesburg. Karatasi za Taylor ziko London, katika chuo cha SOAS, pamoja na za Hichens, za wasomi Alice Werner na Jan Knappert, na za Maalim Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefundisha huko na kuzisoma kwa jicho la mwenyeji.

Nataka tukae kidogo na Muhamadi Kijuma wa Lamu. Huyu alikuwa mshairi, mwandishi wa khati nzuri, na fundi wa kuchonga mbao. Wazungu waliotaka tenzi za Kiswahili mwanzoni mwa karne ya ishirini walimwendea yeye. Alimnakilia Werner, alimnakilia Hichens na kuandikiana naye barua, alimnakilia Ernst Dammann Mjerumani. Matokeo yake ni kwamba mkono mmoja, wino wa mtu mmoja aliyeketi katika mji mmoja, umegawanywa kati ya Uingereza na Ujerumani. Utenzi anaoweza kuwa ameunakili mara mbili, kila nakala na tofauti zake, unakaa katika nchi mbili. Kabla ya mtandao, mwanafunzi wa Lamu aliyetaka kulinganisha nakala hizo alihitaji viza mbili.

Hapa teknolojia inastahili sifa, nami naitoa bila kusita. Maktaba nyingi kubwa zimekubaliana kanuni moja ya kutoa picha mtandaoni, inayojulikana kwa kifupi chake, IIIF. Maktaba inayoifuata hutoa picha zake kwa namna ambayo programu moja inaweza kuziita kutoka seva mbalimbali na kuzionyesha kando kwa kando, ukurasa wa London kushoto na ukurasa wa Hamburg kulia, bila yeyote kuhamisha chochote. Juu ya kila picha unaweza kuambatisha maelezo: huyu anasoma hivi, yule anasoma vile. Kwa mikono kama ya Kijuma, kanuni hiyo inaweza kukusanya tena kilichotawanywa, na inataka mambo mawili tu: maktaba zikubali, na pawe na watu wa kusoma.

Suala la wasomaji ndilo linalonikosesha usingizi, maana kijana mmoja aliniambia kwamba karibuni kompyuta zitasoma zenyewe. Ni kweli kwamba zipo programu zinazojifunza kusoma mwandiko wa mkono. Lakini hujifunza kwa kurasa ambazo mtu amekwisha kuzisoma. Ukiipa mashine kurasa mia zilizosomwa "vua hapa", itakusomea "vua hapa" katika kurasa elfu kumi, kwa haraka na bila haya. Wanaoweza kusahihisha wamo katika nyumba zetu, wengi ni wanawake, na wengi wamepita miaka sabini.

Tusidhani kwamba lawama ni ya ng'ambo peke yake. Katika miaka ya 1960, msomi J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti, na hazina hiyo ikawekwa mahali pake stahiki, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi yake ilichapwa mwaka 1970. Ilichapwa Leiden, Uholanzi, na kwa Kiingereza. Karatasi ziko Dar es Salaam, lakini mlango wa kuziingilia ulijengwa kwa lugha ambayo bibi wa Pangani aliyetoa utenzi wake hakuijua. Nusu karne imepita, nasi bado tunaandika katalogi zetu kana kwamba msomaji wetu wa kwanza yuko Leiden. Naomba wakutubi wenzangu mlitafakari hilo mkirudi kazini.

Sasa Lamu tena, maana huko kuna mfano ninaoupenda. Msikiti wa Riyadha, uliotokana na kazi ya mwanazuoni Habib Saleh, una maktaba ya miswada iliyokusanywa na vizazi vya masharifu na wanafunzi wao: vitabu vya fiqhi, sarufi, sala za Mtume, vingine vikiwa na asili ya Hadhramaut. Miswada hiyo ilipigwa picha kupitia mradi wa nyaraka zilizo hatarini ulio chini ya Maktaba ya Uingereza, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Mtafiti Anne Bang alishirikiana na watu wa Riyadha wenyewe. Sheria ya mradi huo ni moja, na nawaomba mwishike: karatasi asilia haiondoki katika nchi yake, na nakala ya picha hubaki kwa wenyewe kama inavyokwenda London. Kwa hiyo kitabu kinabaki katika kabati lake Lamu. Mwenye msikiti bado ndiye mwenye kitabu. Anayekitaka Jakarta au Muscat anakiona pia. Mtu wa Hadhramaut anaweza kukutana na maandishi ya babu yake aliyesafiri kwa jahazi kuja kusomesha Lamu na asirudi. Pwani yetu ilibadilishana vitabu na upande wa pili wa bahari karne nyingi kabla ya waya wa kwanza wa simu, na mradi wa namna hii unaifufua njia ile ya zamani.

Kisha likatokea jambo la Oktoba 2023. Wadukuzi waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, wakaifunga, wakadai fidia. Maktaba ilikataa kulipa. Huduma zake nyingi za mtandaoni zilizimika kwa miezi mingi, na watafiti wa dunia nzima waliozoea kufungua miswada kwa kubofya mara moja walikuta ukurasa wa kuomba radhi. Hii ni moja ya maktaba kubwa kabisa duniani, yenye wataalamu na fedha ambazo sisi hatuna. Anayewaambia kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni kimepona milele, mkumbusheni mwezi ule. Nakala ya pili iliyobaki kwa wenyewe, ambayo wengine waliiona kama heshima tu kwa wenyeji, ndiyo iliyokuwa kinga. Lakini diski iliyotupwa katika droo yenye unyevunyevu wa pwani nayo hufa. Diski hainyauki mtu akaiona. Siku moja unaichomeka na haifunguki. Lazima isomwe kila mwaka, inakiliwe kwenye nyingine, na pawe na mtu mwenye jina na mshahara ambaye kazi yake ni hiyo.

Nigeukie makumbusho, ambako mambo ni mazito zaidi, maana kule si maandishi tu yaliyochukuliwa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda, Kalume Mwakiru, akiwa amesimama mbele ya vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya nduguze waliofariki. Kigango, kwa wasiojua, ni nguzo ya mti iliyochongwa ya kumkumbuka marehemu wa chama cha Gohu. Hakiuzwi wala hakihamishwi. Kinaachwa pale kilipowekwa mpaka kioze. Muda mfupi baadaye vigango vile viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy aliangalia picha ukutani za vitu vya makumbusho moja ya Illinois, akakitambua kigango kimojawapo. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerejea Kenya, kwa familia. Mzee hakuwa hai kuvipokea.

Picha mbili zilikutana kwa bahati, baada ya miaka kumi na minne, kwa sababu mtu mmoja aliketi katika ukumbi fulani siku fulani. Huduma za kidijitali zina uwezo wa kuiondoa bahati hiyo. Kama kila makumbusho yenye kigango ingeweka picha yake wazi, pamoja na mwaka kilipoingia na aliyekiuza, familia za Kilifi na Kwale zingefanya kazi ya Udvardy zenyewe, zikiwa zimeketi chini ya mwembe. Hilo ndilo lililojaribiwa na mradi wa orodha za kimataifa ulioanza mwaka 2018, uliounganisha Makumbusho za Kitaifa za Kenya, makumbusho za Cologne na Frankfurt, na wasanii wa Nairobi na Ulaya. Hifadhidata yao ilikusanya zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje. Kabla ya hapo, hata serikali yetu haikuwa na orodha ya kuishika mkononi. Huwezi kudai ambacho huwezi kukitaja.

Lakini kukitaja kwa jina gani? Wenzetu wa Nigeria wametutangulia hapa. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin yakapora shaba, pembe na nakshi za kifalme, zikauzwa na kutawanyika duniani. Mwezi Novemba 2022 ilifunguliwa hifadhidata ya Digital Benin, iliyokusanya pamoja vitu zaidi ya 5,000 kutoka taasisi 131 za nchi 20. Wingi huo unashangaza, ila mimi nilikaa zaidi kwenye majina. Waandaaji waliwatafuta wajuzi wa Benin wenyewe wakaviita vitu kwa Kiedo. Kilichoandikwa miaka mia moja "kichwa cha shaba" au "chombo cha ibada" sasa kina jina lake, na jina linakuambia kilikaa wapi, kilishikwa na nani, kwa kazi gani. Unatafuta kwa Kiedo na unapata.

Jaribuni leo kutafuta kwa Kiswahili neno "mbuzi" katika hifadhidata ya makumbusho ya Ulaya. Hamtaipata mbuzi ya kukunia nazi, japo huenda wanazo kadhaa kwenye ghala. Tafuteni "siwa", "kiti cha enzi", "chetezo", "kifumbu". Kimoja kitatokea, vitatu vitafichwa nyuma ya maneno ambayo mtumiaji wa vitu hivyo hakuwahi kuyasikia. Kijana wa Siyu hawezi kukifikia kitu cha Siyu mpaka kwanza akisie Mjerumani wa mwaka 1900 alikiitaje. Mambo haya yanaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo: safu moja ya ziada katika hifadhidata, yenye jina la kienyeji, na mtu wa kulitaja.

Lipo pia la siri. Si kila kitu kinafaa kuonekana na kila mtu. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngadji, ngoma yao kuu, ambayo haikuonyeshwa ovyo. Ilichukuliwa wakati wa ukoloni na imo katika Makumbusho ya Uingereza. Je, picha yake isambazwe? Mimi si Mpokomo na jibu si langu. Lakini najua njia ya kuliuliza swali ipo. Huko Australia, jamii ya Warumungu wa Tennant Creek ilishirikiana na watafiti kutengeneza mfumo unaoitwa Mukurtu, ambamo jamii yenyewe huamua picha ipi ionwe na wote, ipi na wazee, ipi na wanawake tu, ipi ifungwe mtu anapofariki. Mfumo huo hutolewa bure. Anayetuambia kwamba hatuna budi kuchagua kati ya kufungua kila kitu na kufunga kila kitu hajautazama.

Na kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Mwaka 2020 taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilifungua picha milioni 2.8 kwa matumizi yoyote bila ada. Bado zipo taasisi zinazomtoza mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi ili atie katika kitabu cha shule picha ya kitu kilichochukuliwa kwa babu wa wanafunzi wale wale. Hilo ni kosa, na nalisema bila kuzunguka.

Ombi langu kwa taasisi za nje ni hili: barua ya msomaji ikija kusema "mvua haba", ijibiwe, na usomaji wake uingizwe pamoja na jina lake. Mama mkubwa anastahili kutajwa katika katalogi kama anavyotajwa profesa. Mkituma picha, tumeni pia nakala kamili kwa taasisi ya huku, na fedha ya kuitunza, maana mnajua vizuri kilichotokea London.

Kwa wakutubi na watu wa makumbusho wa nyumbani: andikeni katalogi kwa Kiswahili kwanza, kisha itafsiriwe kwa anayeihitaji. Tengeni asubuhi moja kwa wiki ya kusoma. Ukurasa mmoja kwenye skrini, wazee watatu, mwanafunzi mmoja anayeandika, na simu inayorekodi. Wakibishana, rekodini mabishano yote, msichague mshindi. Mkiwa na mtandao wa kutosha, mwiteni mkutubi wa London au Berlin kwa video aketi asikilize, aone kazi inavyofanywa. Hayo ndiyo mabadilishano, na yanaweza kuanza hata kabla mkataba wowote haujatiwa saini.

Na kwenu nyote. Aliye na sanduku la karatasi za marehemu nyumbani asimuuzie mpita njia, wala asizitupe kwa sababu zimeliwa na mchwa pembeni. Azipige picha, kisha atuite. Aliye na bibi, shangazi au babu anayezisoma khati hizi, aketi naye juma hili, wala asingoje likizo. Mama mkubwa ametimiza miaka themanini na moja, na jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu. Tumesoma pamoja kurasa arubaini na tatu. Zilizobaki ni mia mbili na kumi.